Constable na picha za wazee

Wako watu wanaosema kwamba kunakili picha ya mwingine ni kazi ya mvivu. Basi tutazame habari za John Constable, mchoraji wa Uingereza, tuone kama neno hilo ni kweli.

Alizaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt. Baba yake alikuwa na vinu vya kusagia ngano, naye alitaka mwanawe airithi kazi hiyo. Lakini kijana alipenda kuchora tu. Mama yake akamtafutia njia ya kuonana na Sir George Beaumont, bwana tajiri mwenye kupenda picha. Bwana huyu alikuwa na picha ndogo ya Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma: Hagari na malaika chini ya miti mikubwa. Aliipenda hata akisafiri huichukua garini. Constable aliinakili. Mwaka 1799 akaingia Chuo cha Kifalme cha Sanaa huko London, akaendelea kunakili Claude na Ruisdael, Mholanzi.

Alijifunza nini? Rangi ya mafuta si kama kalamu. Ni unga wa rangi uliochanganywa na mafuta ya kitani, nao hukauka polepole sana. Wazee walianza na vivuli kwa rangi nyembamba. Ikikauka waliongeza nyingine juu yake, na mwisho wakaweka mwanga kwa rangi nzito. Mtazamaji huona ya juu tu. Anayenakili hana budi kuuliza: chini yake kuna nini? Asipouliza, mbingu zake huwa matope.

Lakini iko hatari. Picha za zamani zilipakwa verni, nayo kwa miaka mingi hugeuka manjano, kisha kahawia. Mwanafunzi asiyejua hunakili na uchafu pia! Beaumont mwenyewe aliipenda rangi ile. Alimshauri Constable kwamba picha ya mashamba ifanane na fidla kuukuu. Constable hakubishana naye. Alichukua fidla, akailaza juu ya majani mabichi mbele ya nyumba, kila mtu ajionee.

Tangu mwaka 1802 alikuwa amekwisha kumwandikia rafiki yake kwamba kwa miaka miwili alifuata picha, akaitafuta kweli kwa mkono wa pili. Akarudi kijijini kuchora mashamba yenyewe. Mwaka 1821 alionyesha picha yake kubwa ya gari la majani makavu likivuka mto. Ilipopelekwa Paris mwaka 1824, mfalme Charles wa Kumi alimpa medali ya dhahabu.

Je, aliacha kunakili? Hata kidogo. Mwaka 1823, mwenye umri wa miaka 47, alikaa zaidi ya mwezi nyumbani kwa Beaumont, Coleorton, akinakili Claude. Mkewe Maria, aliyebaki London na watoto wanne, alimwandikia barua za kulalamika, na mimi simlaumu. Nakala moja, ya mchungaji na mbuzi, iko Sydney, Australia.

Mwaka 1832 alinakili picha ya Ruisdael ya wakati wa baridi. Mwenye picha, Robert Peel, alikubali kwa sharti moja: nakala isifanane kabisa na ile ya kwanza, watu wasije wakadanganyika. Basi Constable akaongeza mbwa.