Bunduki za Kijeshi za Kale na Risasi Zake: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuzigusa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Bunduki ya kijeshi iliyotengenezwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita inaweza kukutwa makumbusho, katika mikono ya mkusanyaji mwenye kibali, au darini katika nyumba ya marehemu babu. Anayeikuta huitazama bunduki yenyewe: chuma chake, kitako chake, na maandishi yaliyochongwa juu yake. Wajuzi wa fani hii huanza kwa swali jingine, nalo ni risasi gani bunduki hiyo ilitengenezewa. Jibu la swali hilo ndilo huonesha umri wa silaha, jeshi lililoitumia, na hatari iliyomo ndani yake.

Mfano ulio karibu nasi ni bunduki ya Mauser ya muundo wa mwaka 1871, iliyobuniwa na ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji wa Oberndorf nchini Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani walikuwa bado wanabeba silaha hiyo, ingawa huko Ulaya ilikwisha kupitwa na wakati. Ilipokea risasi moja kwa kila mlio, yenye kipenyo cha milimita 11, na kichwa cha risasi cha gramu 25 za madini ya risasi kilisukumwa na takriban gramu 5 za baruti nyeusi. Baruti hiyo hutoa moshi mzito mweupe. Askari aliyefyatua akiwa kichakani alikuwa amemwonesha adui mahali alipo.

Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, wakati huo akiwa Luteni Kanali, liliteka bunduki 455, bunduki za rasharasha 16 na risasi 600,000 kutoka kwa majeshi ya Uingereza na India. Nyara hizo zilikuwa na thamani kwa sababu bunduki zilikuja pamoja na risasi zake.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojificha chini ya jina na bendera ya Denmark, iliingia Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikifukuzwa na manowari ya Uingereza, Hyacinth. Ilipigwa mizinga ikazama katika maji ya kina kifupi, na shehena yake ikaopolewa: bunduki mpya zipatazo 1,800 za muundo wa mwaka 1898 pamoja na mamilioni ya risasi. Bunduki zilisalimika. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na kadiri siku zilivyopita, baruti na fataki zake zilizidi kuharibika.

Kazi iliyofuata ilifanyika Moshi, na kwa maoni ya mwandishi inastahili nafasi kubwa zaidi katika historia ya vita ile kuliko inayopewa. Kwa miezi kadhaa risasi zilifumuliwa moja moja, baruti ikasafishwa na fataki mbovu zikabadilishwa kwa zile zilizopatikana nchini. Lettow-Vorbeck mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba risasi nzima zilitengwa kwa ajili ya bunduki za rasharasha. Zilizotengenezwa upya na kukataa kulia kwa kiasi cha asilimia 20 zilipelekwa vitani. Na zile mbovu zaidi zilitumika kwa mazoezi. Maana yake ni kwamba askari alikwenda vitani akijua kuwa katika kila risasi tano, moja huenda isilie.

Jeshi hilo liliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala nchini Zambia, Novemba 1918, bunduki 1,071 zilizokabidhiwa zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Bunduki za Kijerumani zilikuwa zimeachwa njiani kwa kukosa risasi.

Leo kazi iliyofanywa Moshi kwa shida hufanywa na wapenzi wa bunduki za kale huko Marekani na Uingereza, kwa sababu risasi za milimita 11 si bidhaa ya kawaida ya viwandani. Ganda la shaba lililokwisha kutumika husafishwa na kurudishwa umbo lake kwa mashine ya mkono, fataki mpya hupachikwa, baruti hupimwa kwa mizani, kisha kichwa cha risasi hukazwa mdomoni. Sheria za nchi hizo zina masharti nafuu kwa baadhi ya silaha za kale: Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1968 inaitenga kwa jumla bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake.

Makosa katika kazi hiyo huua. Komeo la Mauser ya 1871 hushikiliwa na ukingo mmoja tu ulio kwenye mzizi wa mkono wake. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, ikitiwa kwa kipimo cha baruti nyeusi, huweza kuzalisha shinikizo lisilohimilika na kulirusha komeo usoni mwa mfyatuaji. Hata bunduki za baadaye zina mtego wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliongeza kidogo kipenyo cha kichwa cha risasi ya milimita 7.92 pasipo kubadili jina lake la kawaida, hivyo risasi mpya huweza kuingia katika bunduki kuukuu yenye mtutu mwembamba zaidi. Mkusanyaji makini hupima mtutu kwanza; hategemei maandishi peke yake.

Kwa upande wa Tanzania, silaha za kiraia husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kumiliki silaha au kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Mwananchi asidhani kuwa kutu au umri wa bunduki vinamwondolea wajibu huo. Anayeikuta katika mirathi, shambani au wakati wa kubomoa nyumba anashauriwa kutoifungua, kutoijaribu na kutoibeba kuipeleka kituoni. Atoe taarifa kwa uongozi wa mtaa au kijiji na kituo cha Polisi kilicho karibu, ili wataalamu waifuate mahali ilipo.

Risasi za zamani zilizoota ukungu wa kijani zisisuguliwe wala kutupwa motoni au chooni, kwani fataki yake huweza kulipuka hata baada ya karne moja. Watoto wazuiwe kufika eneo hilo. Aidha, inafaa kuandika mahali hasa silaha ilipokutwa na jina la mzee aliyekuwa nayo, kwa kuwa taarifa hizo ndizo huiwezesha makumbusho kujua bunduki hiyo ilifikaje hapo.