Pilipili Kichaa: Mgeni Aliyerithi Jina

"Pilipili iliyo shamba yakuwashiani?" Methali hii tunaifundisha kila mwaka kama urithi wa wahenga wa kale. Lakini je, wahenga hao waliijua pilipili tangu lini?

Katika nyumba nyingi hapa Uganda, mpilipili kichaa haukupandwa na mtu. Huonekana tu siku moja chini ya mti au kando ya ua, na mama mwenye nyumba huuacha ukue. Ndiyo maana wanafunzi wengi huamini kuwa ni mmea wa asili yetu. Sivyo. Asili ya pilipili za kuwasha za jamii hii ni Amerika, na kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hazikujulikana Afrika. Wareno, waliofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498, walichangia sana kuzieneza. Kwa hiyo, ikiwa methali yetu inaisema pilipili hii, umri wake hauwezi kuzidi miaka mia tano hivi.

Neno lenyewe, hata hivyo, ni kongwe kuliko mmea. Pilipili ina undugu na filfil ya Kiarabu na pippali ya Kisanskriti, majina ya viungo vilivyotoka India. Mgeni alipofika, alipewa jina la kiungo kilichomtangulia. Kile cha zamani tukakiita pilipili manga, yaani ya Manga, jina la kale la Uarabuni, hasa upande wa Omani. Leo ukisema pilipili tu, msikilizaji huifikiria ile nyekundu.

Pilipili hoho nayo imebadilika. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 ziliieleza kuwa pilipili nyekundu ya kuwasha. Leo sokoni ni ile nene isiyowasha. Mwalimu anayetegemea kamusi ya zamani peke yake atampotosha mwanafunzi.

Na huo ukichaa wa kujiotea? Ndege hawahisi mwasho wa pilipili kama sisi. Humeza tunda na kuziangusha mbegu nzima wanapotua. Anayetaka kuupanda mwenyewe achume pilipili zilizoiva kabisa, akaushe mbegu kivulini, azisie katika kopo lenye udongo mwepesi, kisha asubiri. Huchelewa kuota, pengine wiki tatu au zaidi. Miche ikipata majani kadhaa, ihamishiwe bustanini.

Waganda huiita kaamulali, Wanyarwanda urusenda. Hawa hawakulichukua jina la pwani, ilhali Kilingala kina pilipili. Kwa nini? Tunapendekeza kila mwanafunzi, akienda likizo, aulize wazee jina la pilipili katika lugha ya kwao na maana yake, kisha alete jibu darasani. Njia uliyopita mmea huu huenda imo katika majina hayo.