Kwa nini kisamvu hutwangwa na makopa hulowekwa: historia ya muhogo jikoni kwetu

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara unayenunua makopa kijijini, leo tuzungumzie chungu. Mapishi ya muhogo yana hatua ambazo kijana wa leo anaziona kuwa ni za kupoteza muda. Kisamvu lazima kitwangwe. Muhogo mchungu lazima ulowekwe siku tatu au uvundikwe ndipo uanikwe. Ukimuuliza bibi sababu, atakwambia ndivyo ulivyopikwa tangu zamani. Yuko sahihi, na sababu yenyewe ina historia ndefu.

Muhogo si zao la asili la Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, na watu wa huko, katika nchi tunayoiita leo Brazil, waliulima maelfu ya miaka kabla ya Mzungu kufika. Walijua kwamba muhogo mchungu una sumu, wakabuni namna ya kuiondoa: waliukuna, wakaukamua maji kwa kifuko kirefu kilichosukwa, kisha wakakaanga unga juu ya sahani pana ya udongo. Hawakuwa na maabara, lakini kazi yao ilikuwa sahihi.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Ndani ya mzizi na majani ya muhogo kuna kitu kinachoitwa linamarini, ambacho ndicho kinachobeba sumu ya sianidi. Pembeni yake, katika chumba kingine cha mmea, kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja linamarini hiyo. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Ukiutwanga, ukiukuna au ukiuloweka mpaka ukalainika, kuta zinavunjika, vinakutana, na sianidi inatoka ikapotelea hewani na majini. Ndiyo maana kuchemsha vipande vizima vya muhogo mchungu hakusaidii sana: moto unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu inabaki ndani. Shika hilo, maana kila kitu kitakachofuata kinatokana nalo.

Wareno waliuvusha muhogo bahari ya Atlantiki katika karne ya 16, ukaingia pwani ya Kongo na Angola. Kutoka hapo Waafrika wenyewe waliusambaza ndani ya bara, kijiji kwa kijiji. Walichukua mbegu, na utaratibu wa kuondoa sumu wakautengeneza upya kwa njia zao. Walikuwa na mito na madimbwi, wakaloweka. David Livingstone, katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1857, aliandika kwamba aliona muhogo wa aina mbili, mtamu na mchungu, na kwamba ule mchungu uliwekwa majini siku nne ukaoza kidogo, ukamenywa, ukaanikwa juani, kisha ukatwangwa kuwa unga mweupe. Ukisoma maelezo hayo leo unaona kivunde kile kile tunachokijua.

Upande wetu wa mashariki, muhogo ulipitia visiwani pia. Mahé de La Bourdonnais, gavana Mfaransa wa Mauritius na Réunion katika miaka ya 1730 na 1740, aliuleta visiwani huko kutoka Brazil ili kulisha watumwa wa mashambani. Mwanzo wake haukuwa wa heri. Lakini watu wa pwani wakiupata wakaukaribisha kwa nazi, na hapo ndipo palipozaliwa chakula ambacho hadi leo hakikosekani kwenye futari: muhogo wa nazi.

Kwa pishi hili tumia muhogo mtamu tu, uliochimbwa siku hiyo hiyo au jana yake. Menya ganda lote pamoja na lile la ndani la rangi ya waridi, kwa sababu sumu imejaa zaidi huko. Pasua kwa urefu, toa uzi wa katikati, kata vipande. Chemsha kwa maji mengi sufuria ikiwa wazi, na ukianza kulainika mwaga maji hayo. Sasa weka tui jepesi, kitunguu, nyanya moja, pilipili nzima isiyopasuliwa na chumvi. Ukiiva mimina tui zito, tikisa sufuria badala ya kukoroga ili muhogo usivurugike, epua, kamulia ndimu. Ukiwa na samaki wa kukaanga, umemaliza. Na mbuzi wako wasiachiwe maganda mabichi ya muhogo mchungu. Yaanikwe kwanza yakauke vizuri. Wanakufa kweli.

Sasa kisamvu. Wakati wa Wajerumani, kabla ya mwaka 1914, mashamba makubwa ya mpira yalipandwa Tanga na kwingineko. Mti waliopanda, wa asili ya Ceará huko Brazil, ni ndugu wa damu wa muhogo. Bei ya mpira ilianguka mwaka 1913, mashamba yakaachwa, miti ikabaki. Wenyeji waliyaangalia majani yake wakaona yanafanana na ya muhogo, na mpaka leo sokoni unauziwa kisamvu cha mpira. Mkoloni alitaka utomvu, sisi tukapata mboga.

Mti huo huo ulikuja kutusaidia tena. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, mtafiti H. H. Storey na wenzake walianza katika miaka ya 1930 kuuzalisha muhogo pamoja na ndugu zake wa porini, ukiwemo huo mpira, ili kupata mbegu zinazostahimili batobato na michirizi kahawia. Ugonjwa wa michirizi kahawia wenyewe Storey ndiye aliyeutambulisha kwa maandishi mwaka 1936, kutoka hapa Tanganyika. Kazi ya Amani ilisimama mwaka 1957, lakini damu ya mbegu zake imo katika mbegu nyingi bora za Afrika hadi sasa. Ukipanda Namikonga, unapanda kazi ya Amani.

Kupika kisamvu: chuma majani machanga ya juu, toa vikonyo, osha. Twanga kwenye kinu mpaka kiwe laini kabisa kama unga uliolowa, siyo kukatakata kwa kisu. Ukishatwanga kiache kidogo kipumue, kisha kitie kwenye maji yanayochemka, sufuria wazi, moto wa wastani, muda usiopungua nusu saa. Wengi wa pwani huacha saa nzima na zaidi, nami nawaunga mkono. Kikilainika na maji yakipungua, weka kunde zilizochemshwa pembeni, kitunguu na tui, au karanga zilizosagwa kama nazi haipatikani kwenu. Ndugu zetu wa Kongo wanaita mboga hii sombe, Warundi na Wanyarwanda isombe, Msumbiji matapa. Majina yako mengi, lakini kote inatwangwa.

Turudi kwenye mzizi. Serikali ya Waingereza iliupenda muhogo kwa sababu nzige hawana la kufanya na kilicho chini ya udongo, na unaweza kukaa shambani ukisubiri njaa. Wilaya nyingi zililazimisha kila kaya kuwa na shamba la muhogo wa akiba. Kwa njaa, ulikuwa uamuzi mzuri. Kasoro ni kwamba muhogo uliopendwa zaidi kwa akiba ni ule mchungu, ambao nguruwe na nyani hawaugusi sana, na amri ya kupanda haikuja na mafundisho ya kupika. Mwenye desturi ya muhogo alijua la kufanya. Aliyetoka kwenye mtama na ulezi alilazimika kujifunza kwa jirani.

Mwaka 1938 daktari Mwitaliano Trolli alitoa taarifa ya ugonjwa aliouona Kwango, Kongo. Mtu analala mzima. Ndani ya siku moja au chache miguu yote miwili inakakamaa, na haiponi tena maishani. Akili iko timamu, miguu imefungwa. Wayaka wa huko waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Wanaoupata zaidi ni watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa.

Mwaka 1981 ukame uliipiga Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Mazao mengine yakafa, muhogo mchungu ukabaki. Kwa desturi waliumenya na kuuanika kwa wiki kadhaa, lakini mwenye njaa hawezi kungoja wiki kadhaa. Waliopooza walizidi 1,100. Mwaka 1985 likaja kwetu, Tarime, tena katika kipindi cha ukame na chakula haba. Huko Masasi, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, watu waliugua baada ya kula unga wa njia ya haraka iliyoitwa chinyanya: muhogo mbichi unatwangwa na kuanikwa, unatwangwa tena na kuanikwa, na jioni ya siku hiyo hiyo unasongwa ugali. Simlaumu mama aliyefanya hivyo. Watoto walikuwa wanalia.

Lakini kisa ambacho ningependa wewe mfanyabiashara ukisome mara mbili ni cha Bandundu, Kongo. Huko hapakuwa na ukame. Kilichokuja ni barabara ya lami ya kwenda Kinshasa. Malori yakaanza kufika, muhogo ukawa zao la fedha, na mnunuzi alitaka mzigo leo. Kina mama waliokuwa wakiloweka siku tatu wakapunguza, wengine hadi siku moja. Konzo ikaenea vijijini kuanzia miaka ya 1970. Watafiti waliokwenda kuuliza nyumba kwa nyumba waliikuta sababu hapo: hatua iliyokatwa ili kuwahi soko. Unapomwambia mkulima "nitapita keshokutwa, uwe umeshakausha", fahamu unachomwomba akate.

Kuna jambo la pili lililoonekana kote huko. Walioumia ni waliokula ugali wa muhogo siku baada ya siku bila mboga ya maana. Mwili unaiharibu sianidi kidogo inayobaki kwa kutumia salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini: dagaa, samaki, mayai, maharage, kunde. Basi dagaa pembeni ya ugali wa muhogo ni sehemu ya pishi. Waoshe, wakaange wakauke kwa mafuta kidogo, weka kitunguu na nyanya, kamulia ndimu, usiongeze maji mengi. Dakika 15 zinatosha.

Kwa makopa yenyewe, menya, kata vipande, loweka siku tatu kwenye maji yanayofunika muhogo wote, ukitumia chombo au dimbwi lisilochotwa maji ya kunywa na watu wala mifugo. Kipimo ni mkono: muhogo uvunjike kwa vidole na nyuzi zitoke zenyewe. Kama bado ni mgumu, hasa msimu wa baridi, ongeza siku. Toa nyuzi, kamua, anika kwenye kichanja siyo chini, mpaka ukivunja kipande kinatoa mlio. Mnunuzi naye ajifunze kunusa. Makopa yaliyolowekwa sawasawa yana harufu yake ya uchachu na yanavunjika kirahisi, ya njia ya mkato ni magumu kama jiwe. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo, kilichowekwa na Codex, ni sianidi isiyozidi miligramu 10 kwa kilo. Wakati wa ukame ongeza uangalifu, kwani hata muhogo mtamu hupandisha sumu.

Na ikiwa umeshanunua unga na hujui ulitengenezwaje? Profesa Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alitoa njia isiyohitaji chombo chochote cha kununua. Tia unga kwenye beseni, weka alama ya kimo chake ndani ya beseni. Mimina maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kuongeza. Utandaze juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, uuache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Kimeng'enya kilichobaki kitamaliza kazi yake na sianidi itaondoka na hewa. Katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka huko Kongo, kina mama walifundishwa njia hii kuanzia mwaka 2010, na wagonjwa wapya wa konzo wakakoma. Unga huo usiuhifadhi, utachacha. Chemsha maji, songa ugali siku hiyo hiyo, na ukiona mkono unateleza kwenye mwiko kwa uzito wake, umeiva.