Sinema Ndani ya Keja: Jinsi ya Kujiundia Kompyuta ya Muvi na Spika Ukiwa Kombani

Msee, kama unaishi Kombani unajua story. Ukitaka skrini kubwa na sauti ya kutingisha kifua, unapanda mat mpaka Likoni, unavuka feri, halafu muvi nzima unawaza vile utarudi usiku. Siku ya fainali nayo, kwa kibanda unaona mgongo wa mtu kuliko mpira.

Dawa ni kujiundia sinema yako mwenyewe. Huhitaji karatasi ya injinia. Mimi mwenyewe chuo niliacha njiani na hesabu za hapa chini naziweza. Lakini shika hii kwanza: kompyuta ndiyo sehemu rahisi. Huku Pwani, pesa ya watu huzama kwa vitu viwili, stima inayorukaruka na hewa ya chumvi. Panga hivyo viwili mapema, mengine yatajipa.

Gawanya ganji kabla ya kuingia dukani

Tuseme umejikusanyia 40k, na TV tayari unayo. Gawanya hivi: 16k kompyuta, 14k spika, amplifaya na waya, 6k mbao na fundi, 4k ulinzi wa stima. Wengi huweka 35k yote kwa kompyuta halafu wanasikiliza muvi kwa spika za TV. Hiyo ni kununua suti na kuvaa slipa.

Kompyuta: angalia kizazi, usiangalie kung'aa

Tafuta zile ndogo za ofisi za ex-UK, kama HP EliteDesk, Dell OptiPlex ama Lenovo ThinkCentre. Hazina kelele na zinakula stima kidogo.

Cha muhimu ni kizazi cha prosesa. Muvi za siku hizi, hasa za 4K, zimebanwa kwa mfumo wa HEVC, na YouTube inatumia VP9. Intel ya kizazi cha 7 kwenda juu inafungua hizo zote kwa chipu yake, hata HEVC ya biti 10. Ya kizazi cha 6 inaanza kuhema hapo kwa biti 10. Kujua kizazi, soma namba: i5-7500 ni cha 7, i5-8500 ni cha 8. Ukitaka na AV1, ule mfumo mpya zaidi, itabidi uende kizazi cha 11, na bei inapanda.

RAM ya GB 8 inatosha. Weka SSD ya GB 256 kwa mfumo, na hadidiski ya TB 1 kwa muvi. Kama TV yako ni 4K, uliza tundu la HDMI ni toleo gani. 1.4 inaishia fremu 30 kwa sekunde, 2.0 inafika 60.

Ukiagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, omba video ya mashine ikiwaka na namba ya prosesa ikionekana kwa skrini. Mzigo ukishuka Miritini, barabara ya Dongo Kundu inautoa Kibundani bila kugusa feri.

Programu ni ya bure

Weka Kodi. Ilianzia kwa Xbox ikiitwa XBMC, ikabadilishwa jina 2014. Inapanga muvi zako kwa picha na majina, na simu yako inageuka rimoti kupitia app ya Kore. Kama mashine ni ya muvi pekee, weka LibreELEC: ukiwasha tu, Kodi hiyo hapo.

Amplifaya na spika: usidanganywe na wati

Ukiona boksi limeandikwa "PMPO 10,000W", cheka na uendelee na safari. Namba ya kweli inaitwa RMS. Na kuna nyingine hakuna muuzaji anakuambia: usikivu wa spika, unaopimwa kwa desibeli. Ili kuongeza sauti kwa desibeli 3 tu, unahitaji wati mara mbili. Kwa hivyo spika ya desibeli 90 ikipewa wati 20 inalia sawa na ya 87 iliyopewa wati 40.

Njia ya bei nafuu ni hii:

1. Bodi ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116. Ni ndogo kama kiganja.
2. Chaja ya laptop ya volti 19, ampea 4.74, ndiyo inaipa moto.
3. Spika mbili za gari za inchi 6.5, zile zenye twita katikati. Nyingi ni ohm 4.
4. Waya wa shaba halisi. Kwangua ncha kidogo: ukiona rangi ya fedha ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha.

Spika moja kila upande, basi. Ukiunga mbili za ohm 4 sambamba upande mmoja, zinakuwa ohm 2 na bodi inapikika. Na usiunganishe waya hasi za kushoto na kulia pamoja. Kwa bodi hizi hasi si ardhi, ukizishikanisha chipu inaweza kufa hapo hapo.

Chagua spika yenye ukingo wa raba na koni ya plastiki. Sponji na karatasi hazipendi unyevu wa huku. Sponji hasa huoza ikaanza kumeguka.

Boksi: kazi ya fundi seremala

MDF inasifiwa kila mahali, lakini ikinywa maji inavimba kama mandazi. Huku chukua plaiwudi ya marine, milimita 18. Vipimo vya ndani: sentimita 25 × 20 × 25. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita 12.5, ambayo inazifaa spika nyingi za inchi 6.5 kwa boksi lililozibwa. Mwambie fundi apake gundi kila kiungo, asiache hata tundu la sindano. Nje apige vanishi. Ndani jaza pamba ya mto, lakini usiishindilie.

Kabla ya kufunga, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwa spika. Koni ikisukumwa nje, upande ulioguswa na chanya ndio chanya. Weka alama. Ukiunga spika moja kinyume, besi inapotea na utalaumu fundi bure. Viungo vya waya vichomelewe kwa risasi, kwa sababu waya wa kusokota tu unashika kutu ya kijani.

Kupanga chumbani

Wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa, twita ziwe kimo cha masikio. Keja ya ukuta wa mawe na mabati juu inarudisha sauti vibaya, na dawa yake ni mkeka, pazia nzito na kitanda chenyewe. Ukisikia mvumo wa "mmmm", chomeka kompyuta na amplifaya kwa ekstensheni moja. Wufa kubwa itakuja mwezi mwingine, na amplifaya yake.

Stima, radi na chumvi

Hapa usibane. Nunua TV guard. Volti zikipanda ama kushuka kupita kiasi, inakata na kungoja stima itulie kabla ya kurudisha. Ukiweza, ongeza UPS ndogo ili upate dakika za kuzima vizuri, maana hadidiski haipendi kuzimwa ghafla.

Lakini hakuna guard inayozuia radi. Mvua za masika zikianza kunguruma upande wa Shimba Hills, chomoa kila kitu, pamoja na waya wa antena na wa intaneti. Moto wa radi unapitia hata huko.

Chumvi nayo inaua polepole. Vumbi lenye chumvi likinata kwa feni linashika unyevu. Fungua kompyuta kila miezi mitatu, izime kabisa, upulize kwa brashi laini. Usiifungie kwa kabati na usiiweke sakafuni. Cha kushangaza, mashine inayowashwa mara kwa mara hudumu kuliko inayolala, kwa sababu joto lake linakausha unyevu.

Token usiogope. Kompyuta ndogo, TV ya inchi 43 na amplifaya kwa sauti ya kawaida ni karibu wati 150 zote pamoja. Masaa matatu ya muvi hayafiki nusu uniti.

Majirani na sheria

Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 kwa maeneo ya makazi kuanzia saa mbili usiku. Hiyo ni karibu kunong'ona. Kwa hivyo punguza besi usiku, zima adhana ikilia, na mzee wa jirani akibisha, mwamkue vizuri kabla hajaanza kusema.

Na kama akili imeshakimbia kwa kufungua kibanda, tulia. Kuonyesha filamu kwa umma kunasimamiwa na KFCB, na akaunti ya muvi ya nyumbani haikupi ruhusa ya kulipisha watu mlangoni.

Doh ikiwa kidogo, nunua kwa mpangilio huu: guard, spika na amplifaya, kompyuta mwisho. Simu yako inaweza kucheza kwa spika hizo kuanzia leo, lakini kompyuta ya 16k bila guard inangoja tu stima iruke mara moja.