Ukuta wa Bibi Harusi: Kutoka Vidaka vya Lamu hadi Fremu za Mninga Mpanda



Kila msimu wa harusi tunasikia kilio kilekile kutoka kwa maharusi wetu wanaoolewa bara. Bibi harusi kafika Mpanda, nyumba ya kupanga, kuta tupu, na mawifi wanakuja kumtazama. Kwa kuona haya, anakopa anunue mapambo ya dukani, na ndoa inaanza na deni. Mwenzetu, kabla hujakopa, keti nasi kidogo. Ukuta wa bibi harusi una historia yake.

Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, vyumba vya ndani, walimokaa wanawake, vilikuwa na kuta zilizojaa vidaka vya chokaa, au zidaka kama wanavyosema wenyewe. Humo zilipangwa sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Kaure ilipendwa mno pwani hii, hata makaburi ya kale ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yalipachikwa sahani.

Lakini hayo yalikuwa mambo ya wenye mali. Nyumba ya udongo na makuti haikuwa na kaure. Pambo lake lilitoka mikononi mwa mwanamke. Alikata ukindu, akauanika, akauchemsha kwa rangi, akasuka ukili mrefu, kisha akaushona ukawa mkeka au msala. Bibi zetu hawakuiita sanaa. Waliiita kazi ya mikono, na bibi harusi aliondoka kwao na mikeka yake akitembea kichwa juu.

Bara nako hakukuwa na ukame wa uzuri. Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857, waliwakuta tayari wafanyabiashara Waarabu na watu wa pwani. Misafara hiyo ilipeleka nguo na shanga, ikapeleka Kiswahili na Uislamu pia. Njia zake ziliendelea hadi Ziwa Tanganyika, kupita nchi ya Wakonongo na majirani zao, ambako leo ni mkoa wa Katavi. Watu wa misitu ile ya miombo walijua kutumia gome la mti: walitengeneza mizinga ya nyuki na vilindo, yaani makasha ya mviringo ya kuwekea nafaka na vitu vya nyumbani. Pwani ukindu, bara gome. Kila mmoja alipamba na kuhifadhi kwa alichojaaliwa.

Mji wa Mpanda wenyewe ulikua baada ya reli kuletwa kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa risasi, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950. Mkoa wa Katavi ukaanzishwa rasmi mwaka 2012. Ni mji wa wageni wengi, kwa hiyo bibi harusi mgeni hayuko peke yake.

Basi fanya hivi. Nenda kwa seremala, muombe vipande vya mninga vilivyobaki, akukatie vinne upate fremu. Nyuma weka boksi gumu, juu yake kitambaa cheupe au kipande cha kanga iliyochakaa. Kisha bandika kwa gundi ya mbao ukili uliousuka mwenyewe, au majani makavu uliyoyabana wiki mbili ndani ya daftari nene. Ukitaka gome, waulize warina asali, wa Inyonga kwa mfano, kama wana mzinga wa gome uliokwisha kazi. Usibandue mti ulio hai, kwani ukiuzungushia kisu pande zote unakufa. Wala usichume chochote ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Sokoni utapata cha kukutosha. Kausha kila kitu vizuri juani, maana unyevu huleta ukungu na wadudu.

Na picha za viumbe? Tunakumbuka kisa cha Bibi Aisha (R.A.). Alitundika pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akalichukia. Bibi Aisha hakulitupa. Alilikata, akafanya mito ya kuegemea. Humo tunapata mafunzo mawili: ukuta wa Muislamu una mipaka yake, na mwanamke mwenye akili haharibu kitu. Ukili, jani na gome havina sura ya kiumbe, na ukivitazama vinakukumbusha Aliyeviumba.

Mawifi watakapokuja wataona mninga wa kwao na ukili wa kwenu katika fremu moja. Wakiuliza umenunua wapi, waambie umesuka mwenyewe, na uwakaribishe mkae msuke pamoja. Undugu huanzia hapo.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu utulivu, mapenzi na huruma. Amin.