Sindano, Uzi na Uanachama

Katika kijitabu cha ukumbusho kama hiki, msomaji hutazamia habari za magunia, mizani, maghala na fedha. Habari hizo zina mahali pake. Sisi twaomba nafasi ya kueleza kazi ambayo vitabu vya hesabu vya ushirika huipita kimya, nayo ni kazi ya akina mama ya kudarizi vitambaa kwa pamoja. Twaieleza kwa sababu ndani yake mna funzo liwahusulo wanachama wote wa Morogoro na milima ya Uluguru.

Kushona pamoja si jambo lililoletwa na wageni. Mkeka wa ukindu hausukwi mzima kwa mara moja. Kwanza husukwa ukili, yaani ukanda mwembamba mrefu, kisha ukili huo huunganishwa ukingo kwa ukingo kwa sindano hata mkeka ukapata upana wake. Mikono mingi yaweza kusuka, lakini asiyelinganisha upana wa ukili wake huupinda mkeka wote.

Kudarizi kwa nyuzi za rangi juu ya merikani kulienezwa na misheni, na shule za wasichana, na hatimaye na vilabu vya wanawake. Mwaka 1951 lilianzishwa Baraza la Wanawake wa Tanganyika, chini ya uongozi wa Lady Twining, mke wa Gavana. Katika vilabu vya miaka ile wanawake walifundishwa kushona, kufuma, kupika, kulea watoto, na kusoma na kuandika. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, iliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, na Bibi Titi Mohamed akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Hapana budi tuseme kweli juu ya mafunzo yale ya kikoloni. Yalimwona mwanamke kuwa mtu wa nyumbani tu. Lakini katika Uluguru mwanamke alikuwa mkulima tangu zamani, na ardhi ilirithiwa kwa ukoo wa mama, ambao Waluguru huuita lukolo. Tangu mwaka 1950 serikali ililazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya milima hii. Kazi hiyo nzito ilichukiwa sana, hata mwezi wa Julai 1955 zikatokea ghasia huko Matombo, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Kisha mpango ule ukaachwa. Basi mwanamke wa miaka ile alipokuwa mlimani alikuwa nguvukazi ya kuamrishwa, na katika vilabu alikuwa mwanafunzi wa jiko na sindano. Katika mambo ya mazao na bei hakuitwa kutoa shauri.

Hata hivyo, sindano hufundisha zaidi ya alivyokusudia mwalimu. Tutazame jinsi kitambaa kikubwa cha meza kinavyodariziwa na kikundi. Kwanza wote hukubaliana juu ya mchoro, nao huchorwa kwa penseli juu ya nguo. Kisha kila mmoja hupewa pembe yake au ua lake. Hapo huzuka shida: mmoja huvuta uzi kwa nguvu na nguo hukunjamana, mwingine huulegeza na petali hutanuka. Kwa hiyo hukaguana, nao hukagua upande wa nyuma, maana mbele huonyesha uzuri, bali nyuma huonyesha mafundo na uzi uliorukishwa. Lililokosewa hufumuliwa, hata kama aliyelishona ni kiongozi.

Likiisha hilo, huja jambo gumu kuliko yote. Kitambaa kimeuzwa, fedha ziko mezani. Je, zigawanywe vipi? Aliyeshona pembe mbili apate sawa na aliyeshona nusu? Aliyenunua uzi arudishiwe kwanza? Kiasi gani kibaki kwa ajili ya nguo nyingine? Ndugu wanachama, maswali hayo ndiyo maswali ya mkutano mkuu wetu: gharama, akiba, na malipo kwa kadiri ya kila mtu alivyochangia. Kikundi kinachoyajibu mbele ya wote, bila manung'uniko, kimekwisha kufaulu mtihani wa ushirika.

Mfano wa mbali utatusaidia. Chama cha Rochdale, Uingereza, kilianzishwa mwaka 1844 na watu 28. Mwaka 1846 kilimpokea Eliza Brierley, mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama wake, na hali sheria ya nchi ile bado ilimnyima mke mali yake mwenyewe. Mwaka 1883 wanawake wa ushirika huko waliunda umoja wao. Baada ya miaka mingi ya kukutana na kujadiliana, walidai msaada wa fedha kwa wazazi, ukaingizwa katika sheria ya bima ya mwaka 1911.

Hapa kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haimzuii kuwa mwanachama. Lakini sheria haiandiki jina la mtu katika rejista. Huandikwa na katibu. Pale ambapo mke na mume hulima shamba moja, na mazao yakapimwa kwa jina la mume peke yake, malipo yana mwenyewe mmoja na kura ina mwenyewe mmoja, ingawa majembe yalikuwa mawili.

Kwa hiyo, katika mwaka huu wa kumi, twawaomba viongozi wa vyama vya msingi wafungue rejista zao na kuzisoma kama mshonaji asomavyo kitambaa, kwa kukigeuza upande wa nyuma. Waliolima na hawakuandikwa waalikwe kuingia kwa majina yao na kwa hisa zao. Na vikundi vya ushonaji vilivyozoea kuweka akiba na kugawana kwa haki vikaribishwe kutuletea uzoefu huo, kwa kuwa chama chetu kinauhitaji.