Chandarua na Swali la Bei

Kati ya mwaka 1993 na 1995, huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika maeneo yaliyopatikana kwa kura, kisha wakayalinganisha na yale ambayo hayakupata. Palipokuwa na vyandarua, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa takriban asilimia 33. Gambia, Ghana na Burkina Faso nazo zilifanya majaribio ya namna hiyo. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja Aprili 2000 kuweka ahadi za malaria, ilikuwa inajulikana kuwa chandarua huokoa maisha. Ubishi uliobaki ulihusu nani alipe, na huko ushahidi ulikuwa haujafika.

Wafadhili na wataalamu wengi waliamini kwamba cha bure hudharauliwa, kwamba mama asiyetoa hata shilingi atakitupa chandarua uvunguni. Katika Kilombero na Ulanga, Tanzania, vyandarua vya Zuia Mbu viliuzwa kwa bei nafuu, na mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo: mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani na kuongeza fedha iliyopungua. Mpango huo ulikuwa na hoja nzito, maana duka hubaki hata mfadhili akiondoka. Lakini dai kuwa bei humfundisha mtu kuthamini halikuwa limepimwa. Mwaka 2007 watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilipima katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Kwa kura, baadhi zilitoa vyandarua bure, nyingine kwa shilingi 10, 20 au 40, wakati bei ya kawaida kliniki ilikuwa shilingi 50. Ilipofika 40, mahitaji yalishuka kwa asilimia 60. Na wanawake walipofuatwa majumbani, waliopewa bure walikuwa wametundika vyandarua vyao kama walionunua.

Wapo wanaosema ni dhuluma kuwagawa maskini kwa kura. Dukuduku hilo lina haki yake, ila kutoza taifa zima bei ambayo hakuna aliyeipima nako ni kujaribu, tena bila wa kulinganishwa naye. Wengine husema eneo moja la Kenya haliwezi kuzisemea nchi zote, na hapo wana haki kabisa. Ndiyo maana utafiti huo usipewe peke yake sifa ya kubadili sera: Kenya ilikuwa imeshagawa bure vyandarua zaidi ya milioni 3 mwaka 2006, na takwimu zilizofuata zilionyesha kuwa ugawaji huo ndio uliowafikia walio maskini zaidi. Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua vitolewe bure au kwa ruzuku kubwa. Tanzania ilisitisha Hati Punguzo mwaka 2014, na sasa mjamzito hupewa chandarua kliniki bila kulipa chochote.